Mita 120 za Historia: Robo Karne ya Mradi wa Kudarizi wa Keiskamma

Bunge la Afrika Kusini, mjini Cape Town, lina kazi ya sindano yenye urefu wa mita 120, iliyodariziwa kwa mkono na wanawake zaidi ya 100 kutoka kijiji cha Hamburg na vijiji jirani, katika pwani ya mashariki ya nchi hiyo. Wengi wao walijifunza kudarizi hapo hapo kijijini, wakiwa watu wazima, kwa sababu walihitaji kipato. Leo ni mojawapo ya kazi za mkono za wanakijiji zinazojulikana zaidi kusini mwa Afrika, na mradi ulioizaa, ulioanza mwaka 2000, umetimiza robo karne.

Nausimulia mradi huo kwa ajili ya wasomaji wa Bisibo, Nyakahura, Rulenge na Murgwanza nikiwa na shabaha moja. Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, ni nchi yenye historia nzito ambayo kwa sehemu kubwa imeandikwa na wapita njia: wavumbuzi, wamisionari, maofisa wa kikoloni, na baadaye wafanyakazi wa mashirika ya wakimbizi. Wanawake wa Hamburg walikuwa katika hali hiyo hiyo. Historia yao ilikuwa kwenye vitabu vya watu wengine. Wao wakaiandika upya kwa uzi.

Hamburg iko kwenye mdomo wa mto Keiskamma, katika jimbo la Eastern Cape. Jina lake ni la Kijerumani kweli. Liliwekwa na askari wa Kijerumani waliokuwa wameajiriwa na Uingereza kwa ajili ya Vita vya Krimea, vita ambavyo viliisha kabla hawajapigana. Serikali ya Uingereza, isijue la kuwafanyia, ikawasafirisha hadi kusini mwa Afrika mwaka 1857 na kuwapa mashamba katika nchi ya Waxhosa. Namna ardhi hiyo ilivyopatikana ni kisa kizito, nami nitakirudia, kwa kuwa ndicho kiini cha kazi yenyewe ya wanawake hawa.

Wakati wa utawala wa ubaguzi wa rangi eneo hilo liliwekwa ndani ya Ciskei, mojawapo ya vijinchi vilivyobuniwa na Makaburu ili Waafrika wahesabiwe kuwa wageni katika nchi yao. Mwaka 1981 Ciskei ilipewa uhuru wa jina, ambao Umoja wa Mataifa haukuutambua. Wanaume walikwenda migodini na viwandani. Wanawake walibaki na watoto, na wazee wakaishi kwa pensheni. Mwezi Septemba 1992 majeshi ya Ciskei yaliwafyatulia risasi waandamanaji wa ANC huko Bhisho na kuua watu 28, pamoja na askari wao mmoja. Miaka miwili baadaye Ciskei ilifutwa na wananchi wakapiga kura. Uhuru ukafika Hamburg, lakini ajira haikufika.

Ndipo mwaka 2000 akahamia hapo Carol Hofmeyr, daktari mzungu wa Afrika Kusini ambaye alikuwa amesomea pia sanaa. Alikuta kijiji chenye mandhari nzuri mno na umaskini mkali. Kazi ya kwanza aliyoianzisha na wanawake ilikuwa ndogo: kuokota mifuko ya plastiki iliyotapakaa, kuikata nyuzi nyuzi na kuifuma kuwa kofia na mikoba. Kisha walikuja walimu wawili kutoka Uingereza, Jan Chalmers na Jacky Jezewski, wakawafundisha kudarizi. Wanawake waliishika sindano haraka. Mito na vitambaa vikaanza kutoka, vikiwa na ng'ombe, ndege, samaki na nyumba za kijijini.

Kama hadithi ingeishia hapo, Hamburg ingekuwa na kikundi cha akina mama wauza vitambaa, kama vikundi vingine elfu vilivyo Afrika, vinavyoanza kwa shangwe na kufifia pale soko linapochoka. Kilichokitofautisha ni kwamba wanawake wale walipewa kazi kubwa kuliko uwezo waliodhaniwa kuwa nao. Hofmeyr alikuwa amekwenda Bayeux, kaskazini mwa Ufaransa, akaona kile kitambaa maarufu cha kitani kinachokaribia mita 70, kilichodariziwa kwa sufu katika karne ya 11. Kinasimulia, picha baada ya picha, jinsi William wa Normandy alivyovuka bahari mwaka 1066, akamshinda Mfalme Harold na kuitwaa Uingereza. Akarudi Hamburg na wazo kwamba kijiji hiki nacho kina historia ya kutosha kujaza kitambaa.

Hapa pana jambo ambalo wasimuliaji wengi hulipita haraka. Kitambaa cha Bayeux ni cha mshindi: aliyeagiza kazi ile alitaka ushindi wa William uonekane kuwa wa haki. Wanawake wa Hamburg waliuchukua muundo huo huo, wenye mistari ya pambizo juu na chini na wapanda farasi wanaokimbia kutoka kushoto kwenda kulia, wakautumia kusimulia habari za walioshindwa. Waxhosa walipigana na Wazungu vita tisa, kuanzia mwaka 1779 hadi 1878 au 1879, kwa kadiri unavyohesabu mwisho wake, na kila vita viliwapunguzia ardhi. Kudarizi vita tisa ambavyo babu zako walishindwa, tena kudarizi kwa uzuri, kwa rangi na kwa subira, ni ujasiri ambao naamini bado haujapewa heshima unayostahili.

Kazi ilifanyika juu ya kitambaa cha jute, kile kile kinachoshonwa magunia. Vipande vilikuwa zaidi ya 70, kila kimoja kikiwa na tukio lake. Wachoraji wa kijijini, miongoni mwao Nozeti Makhubalo, Nokuphiwa Gedze, Veronica Betani na Cebo Mvubu, walijadiliana na Hofmeyr juu ya matukio, wakachora, kisha vipande vikagawiwa kwa wadarizi. Kudarizi kuna uzuri huu, kwamba kazi hubebeka. Mama aliweza kushona akiwa kikundini, akaichukua nyumbani, akaendelea huku chungu kikiwa motoni na mjukuu akilala. Alipomaliza alilipwa kwa kazi aliyoifanya. Kwa familia nyingi hiyo ndiyo ilikuwa fedha taslimu ya kwanza ya uhakika kuingia nyumbani mbali na pensheni ya bibi.

Kuwa na mikono mingi kunaonekana katika kitambaa chenyewe. Farasi wa kipande kimoja hafanani na farasi wa kipande kingine, na askari mmoja ana uso uliojazwa kwa mishono midogo midogo wakati mwenzake ana macho mawili tu na mdomo. Bwana mmoja mwenye karakana angeamuru vyote vifanane. Hamburg waliacha kila mkono ubaki na alama yake, na walifanya vema, kwa sababu mtazamaji anapotembea kando ya mita zile 120 anasikia kijiji kizima kikisimulia.

Masimulizi yanaanza na Wasan na Wakhoi, wenyeji wa kwanza. Wanakuja Waxhosa na ng'ombe wao, kisha meli, Wadachi, Waingereza, walowezi wa 1820, vita baada ya vita. Na katikati pamekaa kile kisa nilichosema nitakirudia.

Mwaka 1853 meli iliyotoka Ulaya ilishusha pwani ya kusini ng'ombe waliokuwa na homa ya mapafu. Ugonjwa ukapanda bara na kuwafikia Waxhosa, ambao walikuwa wametoka tu kushindwa katika vita vya nane, vilivyokuwa vikali kuliko vyote vilivyotangulia. Ng'ombe wakafa kwa maelfu. Mwaka 1856 msichana aitwaye Nongqawuse, wa umri wa miaka 15 hivi, akasema ametokewa na watu wa kale karibu na mto Gxarha. Walimwambia kwamba Waxhosa wakichinja ng'ombe wote na kuteketeza nafaka, wafu watafufuka, mifugo mipya isiyo na ugonjwa itatoka ardhini na wageni watafagiliwa baharini. Mjomba wake, Mhlakaza, aliupeleka ujumbe kwa wakuu. Wengi waliamini, wengine walikataa, na ndugu wakatengana. Ng'ombe wapatao 400,000 walichinjwa. Siku iliyotajwa ilifika na jua likachomoza kama kawaida. Inakadiriwa kuwa watu 40,000 walikufa kwa njaa, na makumi ya maelfu wengine wakaenda kuomba kazi kwenye mashamba ya walowezi. Gavana George Grey aliitumia njaa hiyo kuwavunja nguvu wakuu wa Waxhosa na kugawa ardhi yao. Askari wa Kijerumani walioipa Hamburg jina lake walipewa mashamba katika nchi iliyokuwa imeachwa tupu kwa namna hiyo.

Wanawake wa Hamburg walidarizi ng'ombe. Ukikitazama kitambaa chote, utaona kwamba wamewapa ng'ombe uhai kuliko majenerali: wenye madoa, wekundu, weusi, pembe za kila umbo. Sisi wa Kagera hatuhitaji kuelezwa maana yake. Sotoka ilipopita Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1890 ilifyeka mifugo ya Karagwe na ya nchi zote zilizoizunguka, na jamii zilizohesabu utajiri, mahari na urafiki kwa ng'ombe zikajikuta hazina cha kuhesabia. Miaka hiyo hiyo Wajerumani walikuwa wanaingia. Huku kwetu pia ugonjwa wa ng'ombe na ukoloni vilikuja kwa pamoja, lakini ni mtoto gani wa shule ya Biharamulo anayefundishwa hivyo?

Kitambaa kinamalizia na mwaka 1994, watu wakiwa kwenye foleni za kupiga kura. Mwezi Julai 2004 kilionyeshwa katika Tamasha la Taifa la Sanaa mjini Grahamstown, mji ambao leo unaitwa Makhanda. Watu waliduwaa. Standard Bank ikakinunua na kukikopesha Bunge, ambako kilitundikwa ili wabunge na wageni wakione. Huo ulikuwa uamuzi mwema, ingawa nina neno juu yake. Kitambaa kilichoshonwa na wanawake wa kijiji kilitoka kijijini, kikawa mali ya benki na pambo la serikali. Mtoto wa Hamburg anayetaka kuona kazi ya bibi yake lazima asafiri karibu kilomita 1,000. Fedha za mauzo ziliusaidia mradi kuendelea, na bila mauzo pengine usingekuwepo leo. Hata hivyo naamini kila jamii inayofikiria kazi ya namna hii ipange tangu mwanzo kipande gani kitauzwa na kipi hakitauzwa kamwe.

Ushindi wa 2004 ulikuja wakati kijiji kilikuwa kinazika. Wanawake waliokuwa wakidarizi walianza kukosekana kikundini. Walikuwa wagonjwa, au walikuwa wanauguza, au walikuwa matangani. UKIMWI ulikuwa umeingia kila ukoo. Serikali ya Afrika Kusini ilikuwa imechelewa mno kukubali dawa za kufubaza virusi. Mpango wa kuzitoa hospitalini uliidhinishwa mwishoni mwa mwaka 2003. Hofmeyr, aliyekuja Hamburg kufanya sanaa, alilazimika kurudia udaktari wake. Mradi wa sindano ukaanzisha kituo cha kuwauguza na kuwatibu wagonjwa kijijini. Taasisi ikawa na miguu miwili, sanaa na afya, na kwa miaka kadhaa ilikuwa vigumu kujua upi unaubeba mwingine.

Katika hali hiyo ilizaliwa kazi yao ya pili kubwa, ambayo mimi naiona kuwa bora kuliko ile ya kwanza. Inaitwa Madhabahu ya Keiskamma na ilikamilika mwaka 2005. Mfano wake ni madhabahu ya Isenheim, iliyochorwa na Matthias Grünewald kati ya 1512 na 1516 kwa ajili ya watawa waliowauguza watu wenye ugonjwa uliojulikana kama moto wa Mtakatifu Antoni. Ugonjwa huo ulitokana na nafaka yenye kuvu. Uliunguza viungo na kuwatia watu wazimu. Madhabahu ile, ambayo sasa iko Colmar, Ufaransa, ina milango inayofunguka tabaka baada ya tabaka, na mgonjwa aliyeletwa mbele yake alimwona Kristo mwenye vidonda kama vyake.

Wanawake wa Hamburg walitengeneza madhabahu yenye ukubwa kama wa ile, yapata mita nne kwenda juu na karibu mita saba kwenda pembeni ikiwa wazi. Mahali pa Kristo msalabani wakamweka mjane wa Kixhosa aliyevaa nguo za msiba, amezungukwa na yatima. Chini yake pakawa na mazishi. Ukifungua tabaka la kwanza unakutana na kijiji katika furaha yake: miti, samaki, ndege, ng'ombe, watu kanisani, na mzee mmoja wa kijiji aliyejulikana kwa kukimbia juu ya vilima vya mchanga vya pwani akiomba na kuchora alama kwa miguu yake. Ukifungua tabaka la mwisho uzi unanyamaza. Hapo zimewekwa picha kubwa za kupigwa kwa kamera, zenye kimo cha watu halisi, za mabibi watatu wa Hamburg pamoja na wajukuu wanaowalea. Madhabahu ya Isenheim ina watakatifu mahali hapo. Hamburg waliweka mabibi, na hakuna mtu wa Kagera atakayeuliza kwa nini.

Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Kabla ugonjwa haujapata jina la hospitali, watu wa mpakani waliuita Juliana, kwa jina la nguo za biashara zilizokuwa zikivuka kutoka Uganda. Katika miaka iliyofuata vijiji vingi vya mkoa vilibaki na mabibi na wajukuu, kizazi cha katikati kikiwa kimelala migombani. Bibi wa Kagera alirudi kulima akiwa na miaka 70, akabembeleza watoto upya, akalipa ada ya shule kwa debe la kahawa. Yalifanyika tafiti nyingi kuhusu yatima wa Kagera, nyingine zikisomwa hadi leo vyuoni Ulaya na Marekani. Wao wenyewe, wale mabibi, hawajawahi kuwekewa madhabahu.

Madhabahu ya Keiskamma ilisafiri. Ilionyeshwa Toronto mwaka 2006, wakati wa mkutano mkuu wa dunia kuhusu UKIMWI, na pia Chicago, Los Angeles na London, mara nyingi ndani ya makanisa makuu. Wadarizi kadhaa walisafiri nayo na kusimama mbele yake wakieleza kwa vinywa vyao.

Halafu ikaja hasira. Mwaka 2010 walitoa kazi yenye ukubwa ule ule wa Guernica ya Picasso, mchoro wa 1937 wenye urefu wa karibu mita nane unaolaani mabomu yaliyoangushwa juu ya mji wa Kihispania. Guernica ya Keiskamma imetengenezwa kwa mablanketi yaliyotumika, vipande vya nguo, waya wenye kutu na utepe mwekundu wa UKIMWI uliofanyizwa kwa shanga. Inalaani vifo ambavyo dawa ingeviepusha: zahanati zisizo na wahudumu, gari la wagonjwa lisilofika, huduma iliyobomoka baada ya kuanza vizuri. Wanawake walioanza na mito yenye ndege walikuwa sasa wanaishitaki serikali yao kwa sindano. Sijui uthibitisho mwingine ulio bora kuliko huo kwamba mradi ulikuwa wao. Fadhila za mgeni hazizai hasira ya namna ile, huzaa shukrani.

Swali la mgeni linaulizwa kila mahali mradi huu unapojadiliwa, nalo ni la haki. Je, ni historia ya Waxhosa, au ni historia yao kama daktari mzungu alivyoipanga? Bayeux, Isenheim na Guernica ni kazi za Ulaya, na ni Hofmeyr aliyezileta mezani. Jibu langu ni kwamba mlango aliufungua yeye, lakini walioingia walibeba vitu vyao. Mchoro wa ng'ombe, nguo ya mjane, mzee mkimbiaji wa vilimani, mabibi watatu: hayo hayakutoka Ufaransa. Na wale walioanza kama wanafunzi wa kuchora wakawa wabunifu wakuu na wasimamizi, wakafundisha wengine, na baadhi yao wakazeeka na kufariki katika kazi hiyo. Hofmeyr mwenyewe amekwisha kuachia uongozi, na taasisi ipo.

Haijawa rahisi. Miradi inayotegemea wafadhili na wanunuzi wa mbali hupitia miaka ya njaa, na Hamburg imeipitia. Janga la korona lilizima safari za watalii na maonyesho. Halafu tarehe 2 Januari 2022 moto mkubwa uliwaka katika majengo ya Bunge mjini Cape Town na kuteketeza ukumbi wa Baraza la Taifa. Kwa siku mbili wapenzi wa sanaa walikuwa wakiuliza habari za kitambaa. Kilinusurika. Mwaka huo huo, mjini Johannesburg, katika Constitution Hill, gereza la zamani walimofungwa Gandhi na Mandela ambalo sasa ni makao ya Mahakama ya Katiba, yalifunguliwa maonyesho makubwa yaliyokusanya kazi za mradi tangu mwanzo wake. Zilikusanywa kutoka kwa wamiliki mbalimbali, zikawekwa pamoja kwa mara ya kwanza, na wadarizi wakapanda basi kwenda kuziona.

Dunia ina kazi nyingine za jamaa hii. Nchini Chile, chini ya udikteta wa Pinochet, wanawake waliopotelewa na watoto na waume walishona picha za mateso kwa vitambaa chakavu, chini ya ulinzi wa Kanisa Katoliki. Scotland ilimaliza mwaka 2013 kitambaa cha historia ya taifa chenye urefu wa mita 143, kilichoshonwa na watu wapatao 1,000 katika kila pembe ya nchi, na kimejengewa jumba lake huko Galashiels. Hapa jirani, Rutongo nje ya Kigali, kuna wanawake wanaodarizi picha za maisha ya Rwanda baada ya 1994, wakiwa wamekaa pamoja watu ambao wangeweza wasiketi pamoja.

Upande wetu, kabla ya daraja la mpakani la Rusumo, kuna nini? Kuna mikono. Nyumba gani ya Ngara au Biharamulo haina vitambaa vya makochi vilivyodariziwa maua, au shuka yenye ndege wawili na maneno ya kumtakia mgeni usingizi mwema? Wasichana wamefundishwa kazi hiyo na masista kwa vizazi kadhaa, na akina mama wanaifanya jioni bila kuangalia. Wahangaza wana ususi wao wa vikapu wenye mistari inayohitaji hesabu kali kuliko kudarizi. Magunia ya kahawa yapo. Kagera ilikuwa pia nchi ya nguo za magome ya mti, na wazee wanaojua namna ya kuyagonga gome hadi lilainike bado hawajaisha.

Na simulizi lipo, refu kuliko mita 120. Mwaka 1861 wavumbuzi Speke na Grant walipita katika nchi ya Suwarora, mtawala wa Usuwi, na Speke aliandika kurasa nyingi za manung'uniko juu ya hongo aliyotozwa. Tumeisoma safari hiyo kwa macho ya mlipa hongo. Hatujaiona kwa macho ya waliokaa mlangoni na kuamua nani apite. Ipo boma ya Wajerumani iliyosimama hadi leo Biharamulo, na mwaka 1916 Wabelgiji waliiteka wakitokea magharibi. Ipo Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, iliyohamisha kaya kutoka mashamba ya babu zao. Wapo wakimbizi wa Rwanda wa tangu 1959 na wa Burundi wa 1972, ambao wajukuu wao leo ni watu wa hapa.

Na ipo ile siku moja ya mwisho wa Aprili 1994, ambapo watu wanaokadiriwa kuwa 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa saa 24 hivi na kuingia Ngara. Kambi ya wakimbizi ya Benaco ikawa, ndani ya wiki chache, kubwa kuliko karibu kila mji wa Tanzania. Misitu ilikatwa, visima vikakauka, bei ya ndizi ikapanda, wengine wakatajirika na wengine wakaibiwa. Mwezi Desemba 1996 wakimbizi wa Rwanda wakarudishwa, na mabonde yakabaki na visiki. Picha za wapiga picha wa kigeni za siku zile zimo kwenye makavazi ya New York na Geneva. Karibu zote zinawatazama wanaovuka. Hakuna inayomtazama mwanamke wa Kihangaza aliyesimama mlangoni pake asubuhi ile, akiona barabara imegeuka kuwa watu, akatoa mtungi wa maji. Mwanamke huyo bado yupo katika vijiji vya Ngara. Kama alikuwa na miaka 40 siku ile, sasa amepita 70.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa watu wanaoweza kuanza kesho bila kungoja mfadhili. Kwa walimu wa Bisibo na Rulenge: watumeni wanafunzi wawahoji mabibi na mababu, waandike tukio moja moja, kwa Kisubi, Kihangaza au Kishubi, kisha kwa Kiswahili. Kwa masista na viongozi wa vikundi vya akina mama: toeni gunia moja la kahawa, lifumueni, mchague tukio moja ambalo kijiji kizima kinalikumbuka, mlishone lote hadi mwisho kabla ya kufikiria la pili. Kwa halmashauri za Ngara na Biharamulo: tengeni chumba kimoja chenye paa lisilovuja na kufuli, mahali ambapo kazi hiyo itatundikwa na kubaki, kwa sharti lililoandikwa kwamba kipande cha kwanza hakiuzwi. Na kwa aliye na bibi aliyekuwepo Rusumo mwaka 1994: mwulize mwaka huu.